Tumbo Likikataa Maziwa, Usimshitaki Jirani

Maziwa ni chakula chema. Yanajenga mifupa na mwili, na Maandiko yanayataja pamoja na asali kuwa baraka ya nchi ile ya ahadi. Kwa hiyo watu wengi wanashangaa sana kikombe kimoja cha chai ya maziwa kinapowaletea taabu: tumbo linajaa upepo, linanguruma, linakata, kisha mtu anahara. Na kwa kuwa wanashangaa, wanatafuta mtu wa kushitaki. Nani aliipika chai ile? Alitia nini ndani yake? Huku kwetu Kivu neno la sumu liko karibu mno na midomo yetu, na urafiki wa miaka mingi umevunjika kwa ajili yake.

Mimi nasema hivi: kabla hujataja jina la jirani, chunguza kwanza maziwa.

Sikia namna mambo yalivyo. Ndani ya maziwa mna sukari yake, inayoitwa laktozi. Mtoto mchanga ana kitu tumboni kinachoitwa laktazi, ambacho kazi yake ni kuikata sukari hiyo ili iingie katika damu. Lakini watu wengi, wakiisha kuacha ziwa la mama na kukua, kitu hicho kinapungua. Duniani pote, karibu watu wazima wawili kati ya watatu wako hivyo. Sukari isiyokatwa inashuka katika utumbo mkubwa, inavuta maji, na vidudu vinavyokaa mle vinaichachusha na kufanya upepo. Mara nyingi taabu inaanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Si uchawi, si laana, si dhambi. Tumeirithi kwa wazazi, kama vile tunavyorithi urefu.

Utajuaje kama ndivyo ilivyo kwako? Acha maziwa kwa majuma mawili, na vyakula vingine ule kama kawaida. Usisahau maziwa ya unga katika uji na chai, kwa maana kukausha kunaondoa maji tu, sukari inabaki. Tazama pia mikate na biskuti zilizotiwa maziwa. Tumbo likitulia, kunywa kikombe kimoja, uone. Taabu ikirudi, ngoja ipite, ujaribu tena siku nyingine. Ikirudi tena, umekwisha kupata jibu, wala hakuna jirani aliyekuwapo.

Ukiisha kujua, usiogope kila chakula. Watu wengi wa namna hii wanaweza maziwa kidogo, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mashanza yanafaa kuliko maziwa matamu, kwa sababu vidudu vya kuchachusha vimekwisha kula sehemu ya ile sukari. Lakini yafanywe kwa maziwa yaliyochemshwa. Fahamu ya kuwa kuchemsha kunaua vidudu vya magonjwa, lakini hakuondoi laktozi. Fromaje ngumu, kama ile ya Masisi, ina laktozi kidogo sana. Na kama huwezi chochote cha maziwa, kula ndagala nzima pamoja na mifupa yake, maharagi, soja na lenga-lenga. Mungu hakuweka nguvu ya mifupa katika ng'ombe peke yake.

Wamama, hapa nawasihi sana. Neno hili si la watoto wachanga. Mtoto akihara, usimwachishe ziwa; endelea kumnyonyesha, maana ziwa la mama ndilo maji na chakula chake, nawe umlete upesi. Vilevile mtoto aliyekonda akipewa maziwa ya dawa katika hospitali, usiyakatae kwa sababu wewe mwenyewe hupatani na maziwa. Waganga wanayapima na kumwangalia kila siku. Ukiyakataa, unaweza kumpoteza.

Tena, si kila kuhara ni kwa maziwa. Ukiona damu, homa, kukonda, kutapika kusikokoma, au kuhara kunakokuamsha usiku, usikae nyumbani kufanya majaribio; njoo hospitali. Hata ukidhani ni sumu, njoo upesi kwa waganga, usiende kwa wapiga ramli. Mpiga ramli atakupa jina la mtu, lakini tumbo halitapona kwa jina la mtu.

Mwisho, neno kwa nyumba za waamini. Mgeni akikataa chai ya maziwa, mwenyeji asiudhike wala asimlazimishe. Ampe chai kavu kwa moyo ule ule. Na mgeni aseme wazi, kwa upole, kwamba tumbo lake halipatani na maziwa, asinyamaze na kuacha watu kuwaza mabaya. Mtume Paulo hakuona haya kumshauri Timotheo juu ya tumbo lake lililougua mara kwa mara, na waamini wa Roma aliwaonya wasihukumiane kwa ajili ya chakula. Kuhara kwa kikombe cha maziwa kunapita kwa siku moja. Lakini shitaka la uongo juu ya ndugu yako laweza kukaa katika kijiji hata wajukuu walirithi. Basi, chunguza kwanza, ukae na jirani yako kwa amani.