THELUJI NA MVUA YA MAWE

Mtu wa Matasia apandaye vilima vya Ngong asubuhi yenye anga safi aweza kuuona mlima Kilimanjaro ukiwa na kilemba chake cheupe. Watoto huuliza: mbona theluji hiyo haishuki hata huku kwetu?

Sababu ni urefu wa nchi. Kwa kila futi 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kadiri ya digrii 2 za Sentigredi. Kilele cha Kilimanjaro ni futi 19,340, lakini vilima vya Ngong huzidi futi 8,000 kidogo tu. Theluji ianzayo mawinguni huyeyuka njiani, ikafika Matasia ikiwa mvua.

Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2008, watu wa karibu na Nyahururu waliona kilima kimefunikwa na weupe, wakasema ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa ni mvua ya mawe iliyoshikamana. Punje zake huganda juu sana katika wingu la radi, kisha huanguka kwa kasi hata zisipate nafasi ya kuyeyuka.

Basi mkulima wa Matasia asiogope theluji. Adui yake ni mvua ya mawe, ambayo yaweza kuharibu mahindi na maharagwe kwa dakika chache. Wingu jeusi linapoanza kunguruma, yafaa watoto na mbuzi waingizwe ndani mapema, wala mtu asijikinge chini ya mti ulio peke yake, kwa hatari ya radi.