Siku Mbili Mlimani kwa Ajili ya Dakika Kumi na Mbili

Katika michezo ya ridhaa ambayo safu hii imepata kuizungumzia, sioni mwingine unaomdai mchezaji wake mengi na kumlipa machache kama mbio za kuteremka mlima kwa baiskeli. Mcheza kandanda wa ridhaa, hata awe hodari au goigoi, hupata dakika 90 za kucheza kila anaposhuka uwanjani. Mwendesha baiskeli huyu hutoa mapumziko yake yote ya mwisho wa juma, akapata dakika 12 za mashindano, kisha hufunga virago akarudi kazini. Hana mshahara wala marupurupu. Kiingilio hulipa mwenyewe, petroli hununua mwenyewe, na akivunjika mfupa, mfupa huo ni wake.

Ndugu msomaji huenda akauliza: mchezo gani huu, hali kila mtoto aliyelelewa penye kilima huteremka na baiskeli ya baba yake bila ya kufundishwa na mtu? Swali ni la haki. Tofauti iko katika njia na katika saa. Njia huchongwa mahsusi mlimani, yenye mawe, mizizi, matope, kona za ghafla na mahali pa kuruka ambapo magurudumu yote mawili huacha ardhi. Waendeshaji huachiwa mmoja mmoja kutoka kileleni, na kila mmoja hushindana na saa peke yake. Mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Kwa upande wa Uingereza, mahali panapojulikana zaidi kwa mchezo huu ni Fort William, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Scotland ulio chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya nchi hiyo, wenye mita 1,345. Njia yenyewe iko katika mlima jirani uitwao Aonach Mòr. Tangu mwaka 1989 pana vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma, ambavyo huwapandisha watu hadi usawa wa mita 650 hivi, na baiskeli nazo hupandishwa navyo. Kombe la Dunia lilifika hapo kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na mashindano ya ubingwa wa dunia yakafanyika mwaka 2007 na tena mwaka 2023. Njia ina urefu wa kilometa 2.8 hivi, na huteremka kiasi cha mita 555. Mwaka huo wa 2023 Mwingereza Charlie Hatton aliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 26 akawa bingwa wa dunia, na upande wa wanawake ubingwa ukachukuliwa na Vali Höll wa Austria.

Lakini leo habari za mabingwa tuwaachie waandishi wa kurasa za nyuma. Mlima huo huo hupokea pia mashindano ya watu wa kawaida, na hao ndio wanaoufaa ukurasa wa jamaa. Tumchukue kwa mfano fundi wa mabomba wa Glasgow, mwenye umri wa miaka 36, mke na watoto wawili. Jina hatumpi, kwa kuwa si mtu mmoja bali ni wengi. Fundi huyu amejiajiri mwenyewe. Siku asiyofanya kazi ni siku asiyopata kitu. Ijumaa jioni, akiisha kunawa mikono, huitoa mitungi na mabomba katika gari lake la kazi, akapakia baiskeli, hema, jiko la gesi, watoto na mablanketi. Safari ni ya kilometa 170 hivi, kandokando ya ziwa Loch Lomond na kupitia bonde la Glen Coe, na mvua aghalabu huwalaki njiani, maana Fort William ni miongoni mwa miji inayonyeshewa sana katika Uingereza nzima. Siku isipokuwa na mvua wala upepo, hujitokeza visubi. Wenyeji huapa kwamba afadhali mvua.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kuigusa baiskeli, huitembea njia kwa miguu. Mtu asiyeujua mchezo atadhani anapoteza wakati. La hasha! Hapo ndipo mbio zinaposhindwa au kupotezwa. Husimama penye kila jiwe akajiuliza apite kulia au kushoto, na kama mvua ya usiku itaugeuza ule mzizi wa mti kuwa kama sabuni. Sehemu ya juu ni uwanda wa mawe matupu, pana upepo na pana madaraja ya mbao. Katikati njia huingia msituni, ambako mna giza, tope na miteremko mikali. Mwisho hutokea mahali papana penye vilima vya kurukia, na huko ndiko watazamaji hukusanyika kwa sababu ndiko wanakoweza kuona kitu. Kwa hiyo mke na watoto huona sehemu ya mwisho tu, na sehemu kubwa ya njia hawaioni kabisa. Jambo hili tutalirudia.

Kuhusu chombo chenyewe, msomaji asiyafikirie yale madude ya kubebea mkaa na magunia. Baiskeli ya mbio hizi ina uzito wa kilo 16 au 17, ina shokapu mbele na nyuma zinazobonyea kiasi cha sentimita 20, na tairi nene zisizojazwa upepo mwingi ili zishike ardhi. Mwendeshaji hakai juu ya kiti. Husimama juu ya pedeli, magoti na viwiko vimekunjwa kama vya mtu aliyejitayarisha kudaka gunia. Huvaa helmeti inayofunika uso mzima, miwani mikubwa na kinga za magoti. Bei ya baiskeli mpya ni paundi elfu kadhaa, na fundi wetu, kama wengi wa rika lake, amenunua ya mtu mwingine aliyeichoka.

Siri ya mchezo huu, nijuavyo mimi, iko katika breki. Mgeni hudhani mshindi ni yule asiyezishika. Kumbe mshindi ni yule anayezishika kwa nguvu na kwa muda mfupi, kabla ya kuingia kwenye kona, kisha akaziachia gurudumu lizunguke na kushika njia. Anayezibana daima, kwa hofu, huchosha mikono, huchemsha breki, na tena huanguka zaidi, kwa kuwa gurudumu lililofungwa halifuati usukani. Kadhalika macho: mwendeshaji hutazama mbali, kule anakotaka kwenda. Akilikazia macho jiwe analoliogopa, atalifikia.

Ili tuone kazi wanayoifanya breki hizo, na tufanye hesabu ndogo. Mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, wakishuka mita 555, huachia nguvu ambayo lau ingekusanywa yote ingechemsha zaidi ya lita moja ya maji ya chai. Nyingine huchukuliwa na upepo, nyingine na tairi, shokapu na mwili wa mwendeshaji mwenyewe, lakini sehemu kubwa huishia katika visahani viwili vyembamba vya chuma vilivyo kwenye magurudumu.

Na ni breki zilizozipa mbio za mwanzo za mchezo huu jina lake, huko mbali na Scotland. Katika California, kaskazini ya San Francisco, walikuwako vijana waliopenda kuteremka milimani kwa baiskeli nzito za zamani, zilizotengenezwa kabla hawajazaliwa. Breki yake ilikuwa moja tu, ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na ilifunga mtu alipokanyaga pedeli kinyumenyume. Walikuwa na barabara moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, iliyoshuka mita 400 hivi katika kilometa 3 na ushei. Walipofika chini, grisi iliyokuwa ndani ya habu ilikuwa imeungua na kutoka kama moshi, hata ikawalazimu kuifungua na kuipakia grisi nyingine. Kwa Kiingereza kupakia upya ni "repack", na jina hilo likaushika mlima. Tarehe 21 Oktoba, 1976, Charlie Kelly na wenzake walikwenda na saa ili kumaliza ubishi wa nani ana mbio kuliko mwingine. Alan Bonds ndiye aliyeshinda siku hiyo. Wenzake walianguka, yeye hakuanguka. Hao wote walikuwa watu wa ridhaa, na saa yao ilikuwa ya kuazima maarifa tu. Miaka 14 baadaye, mwaka 1990, mji wa Durango katika Colorado ulipokea mashindano rasmi ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za milimani.

Bara letu nalo lina mtu wake. Greg Minnaar, mzaliwa wa Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, alipata ubingwa wa dunia mara nne: mwaka 2003, 2012, 2013 na 2021. Ule wa 2013 aliupata katika mji wake wa kuzaliwa, na ule wa 2021 aliupata akiwa na umri wa miaka 39, mbele ya vijana waliokuwa watoto wachanga aliposhinda wa kwanza. Fundi wetu wa Glasgow hulikumbuka sana jambo hili la umri, hasa mgongo unapomwuma.

Tuirudie siku ya Jumapili. Kila mtu hupewa miteremko miwili, na ule ulio bora ndio unaohesabiwa. Bingwa alitumia dakika nne na nusu. Fundi wetu, mwenye kipawa cha wastani na mazoezi ya baada ya kazi, hutumia dakika 6. Mara mbili ni dakika 12, na hizo ndizo tulizozitaja mwanzo. Katika mteremko wa kwanza huteleza msituni, huinuka na tope mpaka masikioni, humaliza. Huo haumfai kitu. Sasa tumaini lake lote liko katika wa pili.

Mkewe amesimama chini, kwenye mvua, na watoto wamejificha chini ya turubai. Kipaza sauti kinatangaza kwamba namba yake imeondoka kileleni. Baadaye kinatangaza kwamba imepita katikati, na kwamba anakwenda vyema. Kisha kimya. Anahesabu moyoni. Anaujua muda wa kutoka msituni kama anavyoujua muda wa kuiva kwa wali, na muda huo umepita. Bendera nyekundu imeinuliwa, maana yake njia imefungwa, pana mtu chini. Watu wa huduma ya kwanza wanapanda mbio na machela. Mke hatamki neno. Anamfunga mtoto mdogo kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Baada ya dakika kumi mumewe anatokea msituni, akiteremka polepole, mzima. Aliyeanguka ni mwingine, yule aliyemtangulia, dereva wa basi. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Hospitali za Scotland hazimtozi mgonjwa fedha, lakini mfupa huo huchukua wiki 6 au zaidi kuunga, na mkono mmoja hauendeshi basi. Mkewe dereva anaifuata machela akiwa amebeba helmeti.

Sheria ya mchezo ni ya haki: aliyesimamishwa na bendera nyekundu hupewa mteremko mwingine badala ya ule uliokatizwa. Basi fundi wa mabomba ana ruhusa ya kupanda tena. Vigasha vyake vimekakamaa, vidole havikunjuki vizuri, na mvua imezidi. Mke anamtazama. "Unapanda?" anamwuliza. Anamjibu kwamba kiingilio amekwisha kulipa.

Jibu hilo mimi silikubali hata kidogo, na nadhani mke naye hakulikubali. Kiingilio si kitu mbele ya wiki sita bila ya chakula cha watoto. Lakini siwezi kumlaumu kwa kupanda, kwa kuwa mtu huyu kwa siku tano amelala chini ya masinki ya watu wengine, na mlimani ndipo mahali pekee ambapo hesabu ya kazi yake huandikwa kwa jina lake mwenyewe. Ningemlaumu lau angepanda na kuteremka kama mtu asiye na watu chini. Hakufanya hivyo. Penye ile kona alipoanguka dereva alishika breki mapema kuliko alivyopanga Jumamosi, akapoteza sekunde mbili au tatu, akapita. Alimaliza kwa dakika 6 na sekunde 9, katikati ya orodha ya rika lake, asiwe wa kusifiwa wala wa kuchekwa.

Hema lilikuwa limekwisha kunjwa. Kurudi Glasgow gari aliliendesha mke, maana vidole vya mume havikuweza kuubana usukani, na watoto walilala kabla ya kufika Glen Coe. Baiskeli ilibaki na tope lake. Kesho yake saa mbili asubuhi palikuwa na bomba la mtu linalovuja.