Kipima Mwendo Kisiwe Shabaha

Tangu enzi za wafalme wa Rwanda, vijana waliolelewa katika itorero walifundishwa kuruka juu, kutupa mkuki na kulenga shabaha kwa upinde. Mchezo huo wa upinde huitwa kumasha kwa Kinyarwanda. Siku hizo kasi ya mshale ilipimwa kwa jicho la mwalimu tu. Leo kipo chombo cha kuipima, na familia iishiyo Nyundo, wilayani Rubavu, yaweza kukitumia kama kitumikavyo katika viwanja vikubwa. Taabu yake ni moja: hukaa mbele ya mpigaji, chini kidogo ya njia ya mshale. Kosa la vidole viwili latosha kukivunja.

Chombo hiki kina macho mawili yaangaliayo juu. Kivuli cha mshale kikipita jicho la kwanza, hesabu ya saa yaanza. Kikipita jicho la pili, yasimama. Ikiwa macho hayo yameachana kwa sentimita 30, na mshale umepita kwa sehemu 6 za elfu za sekunde moja, basi mwendo wake ni mita 50 kwa sekunde.

Kinga ya kwanza ni kukaribia. Katika mashindano ya Olimpiki shabaha husimama mita 70 kutoka kwa mpigaji, lakini kupima kasi hakuhitaji umbali huo. Shabaha iwekwe hatua kumi tu, na nyuma yake pawe na kingo tupu ya kilima, pasipo njia wala nyumba.

Kinga ya pili ni fremu ya majaribio. Likatwe boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa chombo, lisimamishwe mahali pake, na ipigwe mishale kumi. Boksi likiguswa hata mara moja, ama kimo kibadilishwe, ama mpigaji aongeze mazoezi. Ikumbukwe kwamba mshale utokapo kwenye ugwe hupinda na kutikisika, na manyoya yake huchukua nafasi kubwa kuliko mti wenyewe.

Kinga ya tatu ni ngao. Ubao mnene usimamishwe mbele ya chombo, ukikifunika kiwiliwili chote na kuyaachia macho nafasi ya kuona anga. Vijiti vinavyoshika vivuli vya juu viwe vya mti mwembamba, maana mti ukivunjika hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kama sehemu ya kusomea tarakimu inaweza kutenganishwa kwa waya, iwekwe nyuma ya mpigaji.

Askari hahitaji kukumbushwa sheria ya uwanja wa shabaha, lakini watoto wake wanahitaji. Asiende mtu mbele kurekebisha chombo mpaka pinde zote ziwe chini na mishale imo podoni. Mtoto anayekimbilia kusoma tarakimu yu hatarini kuliko chombo chenyewe.

Tena, tarakimu zina ushawishi wake. Kijana akitaka kasi zaidi huchagua mshale mwepesi kupita kiasi. Mshale wa namna hiyo hauchukui nguvu yote ya upinde. Nguvu iliyobaki huurudia upinde wenyewe, nao waweza kupasuka na kumjeruhi aliyeushika. Kipimo kizuri ni mishale kumi yenye mwendo wa karibu sawa. Kasi ikishuka siku hadi siku, ugwe ukaguliwe.

Mwisho ni utunzaji. Wakazi wa bonde la Sebeya hawajausahau usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, maji yalipovamia makazi, na mafuriko pamoja na maporomoko yakaua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Mvua ikinukia, mazoezi yakome. Chombo kifutwe, betri zitolewe, kiwekwe juu, pakavu. Maji yakipanda, waokolewe watu kwanza. Chombo hununuliwa tena.