Somo la maua lihamishiwe Februari

Mwulize mtoto wa darasa la saba hapa Muscat mti unakula nini. Wengi watakujibu: udongo. Wanajibu hivyo ilhali daftarini wamekwisha kuchora jani, wakaandika usanisinuru kwa kalamu ya kijani na kupata alama zote. Nilisomesha baiolojia Unguja kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa wanangu, na sasa kila jioni nawasaidia wajukuu na watoto wa majirani kazi zao za skuli, hapa Al Khuwair. Ninachokiona kinanisikitisha. Somo limehifadhiwa, halikueleweka.

Lawama zangu nazipeleka kwenye lile haragwe la kwenye pamba. Halina kosa lenyewe. Ndani ya wiki moja mtoto anaona mzizi ukishuka na kichipukizi kikipanda. Kosa letu ni kwamba tunaishia hapo. Mtoto wa mji huu hajawahi kuona shamba la haragwe, lakini mitende anapishana nayo kila asubuhi, kuanzia Barabara ya Sultan Qaboos hadi mlangoni mwa skuli. Hakuna anayemwambia kwamba mtende nao ni mmea wa kwenye kitabu.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, mtende nao una maua?" Unayo, tena yanafundisha jambo ambalo haragwe haliwezi. Ua moja la haragwe lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Mtende ama ni dume ama ni jike. Majira ya Februari karara la mtende dume hupasuka, na ndani mna vishada vya maua meupe. Ukivitikisa kidogo tu, chavua inakujaa viganjani. Upepo peke yake hautoshi kwa mkulima anayetaka mavuno. Hukata vijiti vichache vya maua ya dume, akaukwea mtende jike, akavipachika katikati ya kishada na kukifunga kwa kipande cha ukuti. Dume moja linaweza kutosheleza majike yapata 50. Jike lisilopata chavua huzaa vitunda vidogo visivyo na kokwa, ambavyo havina soko. Kwenye shamba la wakwe zangu kule Nakhal kazi hii sasa inafanywa na vijana kutoka Bangladesh, na watoto wetu wanakuja kula tende tu.

Somo la urithi nalo limo humo humo. Anayetaka tende za aina ya khalas hapandi kokwa ya khalas. Kokwa inaweza kutoa dume, na hata ikitoa jike, tende zake hazitakuwa zile. Hupandwa chipukizi lililoota ubavuni mwa mti mama, na ndiyo maana khalas ya leo ni ile ile waliyokula mababu.

Nirudi kwenye ule udongo. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, mtu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa kilo 2 na kitu kwenye pipa la udongo alioupima, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifika kilo 77 hivi, na udongo ulipungua gramu 57 tu. Yeye alidhani mti wote umetoka kwenye maji. Leo twajua kwamba sehemu kubwa ya ule mti mkavu imetoka hewani, kwenye kaboni iliyoingia kupitia vitundu vya majani. Mpeleke mtoto chini ya mtende mrefu, agonge shina, kisha umwambie kwamba huu mwingi wake ulikuwa hewa. Hatasahau.

Vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyopoteza maji. Asubuhi ufunge mfuko wa nailoni mweupe kwenye tawi la mwarobaini uani mwa skuli. Adhuhuri utakuta matone ndani yake. Juni 2018, kule Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Katika joto kama hilo, mmea ukifunga vitundu unaokoa maji lakini unakosa kaboni; ukivifungua unapata chakula na kukauka. Hilo ndilo swali la kuwapa watoto wanaoishi kwenye jua hili.

Kisha waende kwenye hifadhi ya mikoko ya Qurm. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1975, na mwaka 2013 ikaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia. Mkoko wa Oman ni wa aina moja tu, ule ambao Unguja twauita mchu. Mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni mithili ya penseli, kwa kuwa tope lile halina hewa. Ukiramba jani lake, ulimi unakutana na chumvi: mizizi huizuia iliyo nyingi, na inayopenya hutolewa na majani. Wazee wetu walileta huku boriti za mikoko kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji, na dari za nyumba za kale zilikaa juu yake. Leo visima vya pwani ya Batinah vinaingiwa na maji ya bahari kwa kuvutwa kupita kiasi, na mashamba yanakufa kwa chumvi. Mtoto aliyeramba lile jani ataelewa kwa nini mndimu unakufa mwanzo na mtende unafuata.

Walimu huniambia muda hautoshi, na wazazi wanaogopa mtihani. Nawaelewa. Lakini mfuko wa nailoni hauhitaji basi wala ruhusa, na Februari hakuna joto la kumzuia mtoto kutoka nje. Popote somo la maua lilipopangwa, lihamishiwe mwezi huo. Swali la kuchora ua la haragwe libaki kwenye mtihani, ila lifuatiwe na jingine: mtende wa jirani umezaa vitunda vidogo visivyo na kokwa, eleza ulikosa nini, na nani angepaswa kuukwea.