Kung fu: ukoo wa Wachina tunaujua, wa Likasi hatuujui

Jumapili moja nilikuwa kwa wavuvi, kando ya ziwa Tshangalele, nikakuta watoto wakifanya mazoezi ya Wing Chun uwanjani. Mwalimu wao, ambaye wote wanamwita maître, aliwapanga mstari akauliza: «Nani alianzisha?» Wakajibu kwa sauti moja: «Ng Mui!» «Akamfundisha nani?» «Yim Wing-chun!»

Somo wamelishika. Hadithi inasema askari wa utawala wa Qing walichoma hekalu la Shaolin la kusini mwa China, mtawa Ng Mui akaponyoka, kisha akamfundisha msichana aliyekuwa analazimishwa kuolewa na mbabe. Shida ni kwamba hakuna hati inayothibitisha kuwa wanawake hao wawili waliishi. Hekalu hilohilo linadaiwa pia na watu wa Hung Gar, na hata na chama cha siri cha Tiandihui, kilichoanza Fujian katika karne ya 18. Kila mtu anataka kuwa ametoka katika nyumba moja iliyoungua.

Mtu ambaye tunaweza kumfuata kwa uhakika zaidi ni Leung Jan, mganga wa mitishamba mjini Foshan, karne ya 19. Huyo alimfundisha Chan Wah-shun, mbadilisha pesa, kambiste kama hawa wetu wa sokoni. Chan akamfundisha Ip Man, yule wa filamu ya 2008. Ip Man alihamia Hong Kong mwaka 1949, na mwanzoni wanafunzi wake walikuwa wafanyakazi wa mikahawa, ndani ya chama chao cha wafanyakazi. Bruce Lee alikuja baadaye. Mganga, kambiste, watu wa jikoni: mimi ukoo huu naupenda kuliko ule wa mtawa.

Ip Man alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake walianza kubishana nani alirithi mtindo kamili. Mwaka 1986, mjini Cologne, Ujerumani, ugomvi wa matawi mawili uliishia watu wazima wakibingirishana sakafuni.

Tusiwacheke. Hapa Likasi nimekuta klabu mbili zisizosalimiana kwa sababu hiyohiyo. Na mzazi mmoja alinionyesha diploma aliyomlipia mtoto wake: picha ya hekalu ipo, muhuri mwekundu upo, jina la mwalimu hakuna.

Wazee wetu wa Kiluba walijua kutofautisha. Hadithi ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, ilieleza mamlaka ya wafalme yametoka wapi. Hakuna aliyeiuza kama cheti. Na Bambudye walikuwa na lukasa, ubao wa shanga walioupapasa kwa vidole ili kukumbuka wafalme na mambo yao. Sisi wa leo tunakariri majina ya Foshan, lakini nani anaweza kutaja mtu aliyefungua chumba cha kwanza cha kung fu Kikula, au Panda, au Shituru? Watu hao wanazeeka, wengine tumeshawazika, na hakuna daftari.

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kutoa pesa, ulizeni mambo matatu: nani alikufundisha, wapi, kwa miaka mingapi? Na klabu zitundike majibu hayo ukutani. Kama ukoo unaishia kwa jirani aliyejifunza kwa kaseti za video, uandikwe hivyo hivyo. Si aibu. Hata ziwa Tshangalele, ambalo watoto wale wanadhani lipo tangu dunia iumbwe, lilitokana na bwawa la Mwadingusha, enzi za Wabelgiji, na samaki wake tunawala.

Mazoezi yalipokwisha nilimuuliza maître nani alimfundisha yeye. Alitaja fundi mmoja wa mashine, sasa marehemu. Na huyo fundi, alifundishwa na nani? Alifikiri kidogo, akacheka, akasema hakuwahi kumuuliza.