Kanzu ya Samueli

Wapendwa vijana,

Mwezi wa Septemba nilimpeleka binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, katika bweni la shule moja hapa Kasongo. Tulitoka upande wa Kabambare kwa pikipiki, godoro limefungwa nyuma, naye amekumbatia ndoo mpya. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini yeye alikuwa amekwisha kumaliza darasa la sita. Na tangu silaha zilipolia Salamabila, wazazi wa kwetu hatulali tukiwaza watoto walio njiani kwenda shule.

Niliambiwa nisigeuke nyuma, mtoto asinione nikilia. Niligeuka.

Hana naye alimpeleka Samueli Shilo angali mdogo sana, akamwacha kwa kuhani Eli. Kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa sadaka, alimletea kanzu ndogo aliyomshonea. Wahubiri husifu sadaka yake, na ni haki. Mimi huwaza kipimo cha kanzu ile. Mama amwonaye mwanawe mara moja kwa mwaka atajuaje amekua kiasi gani? Bila shaka alikisia.

Nami nimeanza kukisia. Nilipomtembelea baada ya majuma sita nilitazamia machozi. Alinisalimu kwa utulivu, akauliza habari za bibi yake na mbuzi wetu, kisha akataka kurudi kwa wenzake. Nilifurahi, tena niliumia. Nikamwuliza ni nani aliyemsaidia. Hakumtaja mwalimu wala sista. Mwanzoni wakubwa walimbandika jina la dhihaka, wakamtuma kuwachotea maji hata ndoo ikapasuka. Ndipo msichana mmoja wa darasa la tano la sekondari akamhamishia kitanda karibu na chake, akamwonyesha saa ambayo kisimani hapana msongamano. Na usiku alipomsikia akilia, hakumwambia anyamaze.

Husemwa kwamba dhihaka humkomaza mtoto. Sikubali. Humfundisha kungoja zamu yake ya kudhihaki.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi, si wakuu wa shule. Wengi wenu ndio wakubwa wa mabweni hayo, na wengine mnakaa karibu nayo. Mvua ikiharibu barabara, mzazi wa Kabambare hafiki siku ya wageni. Mtoto wake hubaki akitazama lango huku wenzake wakila sombe na samaki wa nyumbani. Vikundi vyenu vya parokia vingeweza kuwauliza walezi ni watoto gani hawana mgeni Jumapili hiyo, mkaenda wawili watatu baada ya Misa. Msipeleke hotuba. Pelekeni karanga, mkamwulize mtoto jina lake, lile alilopewa nyumbani.

Mimi nitamfuata Noeli, barabara ikikubali. Namshonea gauni. Nimeongeza vidole vitatu kwenye pindo.