Ati Rififi Inaboesha?

Mtu akiniambia filamu nyeusi na nyeupe zinaboesha, namuuliza swali moja tu: umeona Rififi? Mara nyingi hajaiona. Alipata kipande chake kwenye simu, akapita.

Basi sikiza. Ni filamu ya Ufaransa ya mwaka 1955. Wanaume wanne wanaingia usiku katika nyumba iliyo juu ya duka la vito jijini Paris. Wanatoboa sakafu. Kwenye tundu wanapitisha mwavuli, wanaufungua huko chini udake vifusi, maana kishindo kidogo tu kitaamsha king'ora. King'ora chenyewe baadaye wanakiziba kwa povu la mtungi wa kuzimia moto. Karibu nusu saa nzima hakuna anayesema neno, na hakuna muziki. Ni pumzi, vyombo vya kazi na jasho. Niambie ni filamu gani mwaka huu imekuamini hivyo wewe mtazamaji.

Lakini hata wanaoisifu hunikera, kwa sababu huishia hapo kwenye wizi. Utamu wenyewe uko mbele. César, fundi wa kufungua sefu, anampa mwimbaji wa klabu pete ya wizi. Pete inawafikia genge jingine. Wanambana, naye anawachomea wenzake. Mario na mkewe wanauawa. Tony, mkuu wao, anamkuta César amefungwa kamba, na anampiga risasi ingawa anampenda.

Sasa uliza nani anaigiza César. Ni Jules Dassin, mwongozaji mwenyewe, kwa jina la bandia Perlo Vita. Dassin alikuwa Mmarekani. Mwaka 1951 waongozaji wenzake walimtaja mbele ya kamati ya Bunge kuwa mkomunisti, na Hollywood ikamfungia mlango. Miaka ikapita bila filamu. Alipopata kazi tena, ugenini, angeweza kujipa nafasi ya aliyesalitiwa, tumwonee huruma. Akaigiza msaliti. Akatuonyesha jinsi mtu wa kawaida, mcheshi, mpenda wanawake, anavyofika mahali pa kufungua mdomo. Hakumsamehe, lakini pia hakumgeuza shetani. Nionyeshe msanii wa leo aliyechomwa na marafiki akajibu kwa ukomavu huo.

Doa lipo, na silifuti. Mapema kabisa Tony anamcharaza Mado, mpenzi wake wa zamani, kwa mshipi, kisha filamu inaendelea kututaka tumheshimu. Hapo siitetei.

Ila usiniambie ni ya kizee. Wazee ni sisi, tunaotaka tuelezwe kila kitu kama watoto. Weka simu mbali kwa hiyo nusu saa. Halafu uje tubishane kuhusu César.